Fahali wa Baba na Jiko la Mama

Siku mheshimiwa aliposema kwamba wanaume wa kwetu wanawapenda mafahali kuliko wake zao, mama yangu alikuwa jikoni akipika na mwavuli. Si kwamba ulikuwa umeegemezwa hapo karibu. Alikuwa ameufungua kabisa, mkono mmoja mwavuli, mkono wa pili mwiko, kwa sababu paa la nyasi lilikuwa limebomoka upande wa mafiga na maji yalikuwa yanaingia moja kwa moja kwenye sufuria. Ukikaa Kakamega unaijua mvua yetu. Haingoji mtu amalize kupika.

Mabati ya kumtoa kwenye shida hiyo yalikuwepo, na ndiyo maana nilikuwa nakasirika kila nikienda nyumbani. Baba aliyanunua mwaka uliotangulia, baada ya kuvuna miwa, akatangaza mbele yetu sote kwamba ni ya jiko la mama. Yakashushwa, yakaegemezwa ukutani, mama akawa anayapangusa vumbi kwa leso yake kama mtu aliyeletewa kabati la vyombo. Kisha ukaja upepo ukang'oa paa la banda la fahali, na fahali alikuwa anangojewa uwanjani Jumamosi ile ile. Baba akasema tuyaazime tu haya ya jiko, ng'ombe asije akapata homa kabla ya pambano. Tuyaazime kwa muda. Muda huo ulikuwa bado haujaisha.

Kama hujatoka upande wetu, wacha nikueleze. Fahali wa kupigana si ng'ombe wa kazi. Halimi, havuti mkokoteni, hachanganywi na majike. Analala peke yake, analishwa majani yaliyochaguliwa na molasi, na asubuhi ya pambano anasindikizwa uwanjani kwa ngoma za isukuti, watu wanakimbia mbele na nyuma wakipunga matawi. Akishinda, mwenye fahali anabebwa juu juu. Akishindwa, mwenye fahali anarudi nyumbani kwa vichochoro. Jina la fahali wetu sitalitaja, maana naye ana heshima zake, lakini baba alikuwa analitaja mara nyingi kuliko jina la mtoto wake yeyote, na mimi ndiye kifungua mimba.

Mama si mtu wa ugomvi. Alikuwa na njia yake. Kila asubuhi akipita kwenda kukama, anasimama kwenye mlango wa banda na kumsalimia fahali: "Mulembe, mke mwenza. Umelala pakavu?" Baba anasikia, anajifanya anatafuta jembe. Siku moja nilimuuliza mama kwa nini asimwambie mzee waziwazi arudishe mabati yake. Akasema, "Nimemwambia kwa mdomo, nikachoka. Sasa namwambia kwa mwavuli." Akacheka. Mimi sikucheka. Iliniuma kuona mtu aliyetulea sisi sote anainamia moto huku mgongo umelowa, na ng'ombe yuko pale amesimama pakavu anacheua.

Basi siku hiyo ya mwavuli, ambayo ilikuwa Jumamosi, mheshimiwa alialikwa uwanjani. Alichelewa, kama ilivyo desturi yao, akafika mapambano yamekwisha na mawingu yanakusanyika. Akapewa kipaza sauti. Akawapongeza washindi, akaahidi hiki na kile, kisha akacheka peke yake na kusema: "Wazee wangu, nawapenda, lakini wacha niwaambie ukweli. Nyinyi mnapenda ng'ombe kuliko wamama. Hapa kwenu fahali analalanga kwenye mabati, na mama anapikanga kwenye mvua."

Uwanja ulicheka. Baba alikuwa mbele kabisa, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa wenye mafahali wa eneo letu, na aliniambia baadaye kwamba alicheka pia. Alicheka hadi kofia ikamwanguka, na ni wakati wa kuiokota ndipo alipokumbuka mabati.

Saa ya habari za jioni nilikuwa bado saluni kwangu, mjini, nimewasha runinga kwa ajili ya wateja. Taarifa ikaanza kwa maandishi mekundu kwamba mheshimiwa yuko matatani. Mtangazaji alikuwa na uso wa msiba. Alisema jamii nzima imeghadhabika, utamaduni umetukanwa, na shinikizo linazidi kumtaka mheshimiwa aombe radhi. Kisha wakaletwa wachambuzi, wanaume watupu, wamefunga tai, wameketi Nairobi kwenye viti vya kuzunguka. Mmoja akaeleza uhusiano wa kiroho kati ya mwanamume wa kwetu na ng'ombe wake. Hakuna aliyetaja jiko.

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akatoa kichwa kwenye draya. "Hii jamii imekasirika iko wapi?" akauliza.

Nikapunguza sauti ya runinga nikawauliza wote waliokuwa pale, nani amekasirika ainue mkono. Uliinuka mkono mmoja tu, na huyo alikuwa anataka nimpunguzie moto wa draya.

Usidhani walikuwa na neno moja. Mama mmoja muuza mitumba alisema mheshimiwa amesema kweli tupu na angeongeza kidogo. Mwalimu akasema kweli ni kweli, lakini mtu hawezi kuja kwa watu na kipaza sauti akaanza kufunua vyungu vyao. Mambo hayo mwanamke humwambia mumewe wenyewe kwa wenyewe.

"Na akiambiwa hasikii?" muuza mitumba akauliza.

Mwalimu akafikiria. "Basi aambiwe kwa kipaza sauti," akasema, akarudisha kichwa kwenye draya.

Nje, vijana wa bodaboda walikuwa na lao. Kama ni kuacha wake kwenye mvua, mbona mheshimiwa hakuwataja wale wanaokesha wakitazama mpira wa Uingereza? Walibishana mpaka abiria wakaamua kutembea kwa miguu. Siku ile nilisikia maoni ya kila aina, lakini ile ghadhabu ya runinga sikukutana nayo mahali popote, na nilipita soko lote nikienda kununua sukuma wiki.

Siku mbili tatu baadaye, ikiwa Jumatatu ambayo huwa sifungui saluni, baba akanipigia simu. "Nitakuwa kwenye runinga," akasema. "Kuja na makasi."

Nikapanda bodaboda mpaka nyumbani, upande wa Sigalagala, nikamkata nywele na ndevu chini ya mparachichi. Nilipokuwa nampangusa shingo, nikamuuliza kama kweli amekasirika. Akasema hapana, lakini wenye mafahali wengine wote wamekumbuka shughuli, na mwenyekiti hawezi kukumbuka shughuli.

Mwandishi wa habari aliyekuja alikuwa binti mpole, mwenye viatu visivyofaa matope yetu, pamoja na mpiga picha. Nilimhurumia. Alikuwa ametumwa atafute mzee mwenye ghadhabu, na jioni lazima arudi naye. Akamsimamisha baba mbele ya banda, fahali akiwa nyuma yake, akauliza, "Mzee, umekasirika kiasi gani?"

Baba akafikiria. "Kiasi," akasema.

Binti akamtazama mpiga picha. "Lakini mzee, hayo maneno hayakukuuma?"

Sasa baba yangu ni mtu wa kukaribisha wageni. Mtu ametoka mbali, amekanyaga matope mpaka kwako, anataka kitu kimoja tu. Utamrudishaje mikono mitupu? Kwetu mgeni akikukuta huna kitu, unakimbia kwa jirani kuazima kuku. Baba akaenda kuazima hasira. Akakunja uso, akaomba fimbo yake, akapandisha sauti, na kila mwandishi alipoitikia kwa kichwa, baba naye akaongeza. Nilikuwa nimesimama kando na makasi yangu, nikamwona anaanza kuipenda kazi.

Mama alikuwa ameuliza mapema kama naye ataulizwa maoni. "Tutakuja kwako baadaye, mama," binti akamwambia kwa heshima. Mama akasema sawa, akaenda kupika, maana wageni hawaondoki kwetu bila kuku, na ingokho ilikuwa imeshachinjwa.

Mvua ikaanza, ile ya kunyesha na jua likiwaka. Mpiga picha akasema tusikatize, fahali amependeza sana hivyo na mabati yanang'aa. Baba akaelekeza fimbo mbinguni. "Huyo mheshimiwa ametutusi," akasema. "Sisi hapa tunaheshimu mama sana. Hakuna mama anapikanga kwenye mvua katika hii boma."

Na mama akapita nyuma yake. Alitoka kwenye nyumba kubwa na bakuli la unga, akafungua mwavuli, akavuka ua taratibu, akaingia jikoni, na hakuufunga. Kutoka pale nilipokuwa nilimwona vizuri kupitia ule upande uliobomoka: mwavuli mwekundu umesimama juu ya moshi, unaelea huku na huku ukifuata mwiko. Nilimuuliza baadaye kama alifanya makusudi. Akasema obusuma, yaani ugali wake, ilikuwa inaingia maji, nilitaka afanye nini?

Wageni wakala wakashiba, wakashukuru, wakaondoka. Kwa mama hawakurudi kuuliza lolote.

Jioni ile runinga ikatoa habari hiyo kwa jina la ghadhabu ya wazee. Baba alionekana mzuri, nywele zimekatwa vizuri, nasema mwenyewe. Pale studioni hakuna aliyeona kitu kingine, maana walikuwa wanamsikiliza mzee. Watu walikuwa wanatazama nyuma yake. Kabla ya watu kulala, kipande hicho kilikuwa kimeingia kwenye kila simu ya Kakamega, mwavuli umezungushiwa duara, na asubuhi nilipofungua saluni, mwalimu aliniuliza hata kabla ya salamu, "Yule si mama yako?"

Nikasema ndiye.

"Mwambie nampenda," akasema.

Wachambuzi waliendelea wiki nzima na utamaduni wao. Kila jioni waliuliza mheshimiwa ataomba radhi lini. Kwenye simu za watu hakuna aliyeuliza hivyo. Waliuliza, yule mama ameezekewa? Wengine walimtumia baba picha za jikoni kwao kupitia mimi. Mwanamume mmoja wa Shianda, ambaye hatumjui hata kidogo, alituma picha akiwa juu ya ngazi na nyundo, akaandika kwamba ameonelea aanze kabla kamera hazijafika kwake.

Baba hakupenda. Nilipoenda nyumbani nilimkuta ameketi, redio sikioni, amenuna. Akaniambia waziwazi msimamo wake: mwanamume hashushi mabati kwa sababu ya mdomo wa mwanasiasa. Akishusha sasa, itaonekana ameshindwa. Kwanza huyo mtu aombe msamaha. Akishaomba, maneno yamekwisha, kila kitu kibaki mahali pake.

Mahali pake maana yake ni juu ya fahali. Mama alielewa hivyo na mimi nilielewa hivyo. Kwa hiyo, wakati runinga inasema kaunti nzima inangojea msamaha, kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anaomba usije. Nilimsikia mama kwa masikio yangu, kabla ya chai, macho amefumba: "Mungu, mpe mheshimiwa shingo ngumu, hata wiki moja tu." Nikasema amina kwa sauti. Niliogopa kweli. Nilijua msamaha ukitangulia mabati, mama atapikia mwavulini mpaka mwavuli wenyewe uoze.

Jumamosi ikafika, na fahali wetu alikuwa kwenye orodha ya kupambana. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, wingu hata moja hakuna. Nilimsindikiza baba. Isukuti zilituchukua kutoka nyumbani, pembe inalia mbele, fahali anatembea kama anaenda kupokea cheo. Wamama walikuwa wamejipanga kandokando ya uwanja, wengi kuliko kawaida, na kila mmoja ana kitu kirefu kwapani. Nikamwona muuza mitumba wa saluni yangu katikati yao, akanikonyeza. Ndipo nilipojua.

Fahali alipoingia, mama mmoja akafungua mwavuli. Akafuata wa pili. Hawakupiga kelele, hawakumtukana mtu. Walifungua tu miavuli, myekundu, ya buluu, ya maua, ya matangazo ya sabuni, mpaka uwanja ukazungukwa pande zote chini ya jua lile la kuchoma. Ngoma zikayumba kwa kicheko cha wapigaji. Yule fahali wa upande wa pili, ambaye hakuwa na kesi na mtu, alichimba ardhi akingoja. Wetu alisimama. Akaangalia mwavuli mmoja mwekundu, akauangalia tena, na nadhani alikuwa ameizoea rangi hiyo, maana wa mama alikuwa akiuona kila siku jikoni wakati wa chakula chake. Akageuka, akapita katikati ya watu kwa adabu, akashika njia ya nyumbani.

Sheria ya mchezo ni fupi. Anayegeuka ameshindwa.

Wanaume walicheka wakashikana mabega. Nilimtazama baba nikiogopa kwamba atakasirika kweli sasa, bila kuazima. Midomo ilikuwa inamcheza. Alijizuia kadiri alivyoweza, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka mara nyingine, akaiokota, akaenda kumfuata ng'ombe wake. Kamera hazikuwepo. Zote zilikuwa nje ya ofisi ya mheshimiwa, zinangojea radhi.

Alirudi kwa vichochoro, kama inavyotakiwa. Mama alikuwa mlangoni, na fahali alikuwa ameshafika, anakunywa maji.

"Mke mwenza amerudi mapema," mama akasema.

"Ameona mwavuli akadhani chakula kiko tayari," baba akasema. Kisha akasimama pale kidogo, akiangalia jiko, si banda. "Nyundo iko wapi?"

Jumatatu nilienda nyumbani, na wenye mafahali wenzake baba walikuja, wale wale waliokuwa wamekumbuka shughuli. Mabati yakashushwa kwenye banda. Fahali akapewa paa la nyasi mpya, na si baya, tena lina baridi nzuri. Baba mwenyewe alipanda juu ya jiko, akakataa mtu mwingine apande. Mama alishika ngazi. Redio ilikuwa kwenye kigogo cha kupasulia kuni, na upande mmoja wa paa ulikuwa umeshaisha wakati mtangazaji alipokatiza muziki.

Mheshimiwa alikuwa ameomba msamaha. Sauti yake ilisikika pale uani, ya upole sana: anawaomba radhi wanaume wote wa Kakamega, hakukusudia kumuudhi mtu yeyote, anayaondoa matamshi yake yote.

Nyundo ikasimama. Baba alikuwa na misumari mdomoni, bati la kwanza la upande wa pili liko mkononi mwake, halijapigwa hata msumari. Wanaume wakatazama chini. Hilo ndilo neno alilokuwa akilingojea wiki nzima, na sisi sote tulikuwa tumemsikia akisema likija itakuwaje. Niliona vidole vya mama vimekaza ngazi.

Simu ya baba ikalia mfukoni mwangu, maana alikuwa amenipa nimshikie. Alikuwa yule binti wa runinga. Anataka kujua, mzee ameupokea msamaha? Nikaweka sauti kubwa ili asikie huko juu. Baba akatema misumari kiganjani, akamtazama mama kwa muda, kama mtu anayemtafuta kwenye kundi la watu.

"Mimi siwezi kujibu hilo," akasema. "Mpe mwenye jiko."

Nikampa mama simu. Hajazoea simu za namna hiyo. Aliishika mbali na uso kama bakuli la uji moto.

"Mama, umeupokea msamaha wa mheshimiwa?" binti akauliza.

"Mwambie angoje kidogo," mama akasema. "Asiondoe maneno yake sasa hivi. Upande wa pili bado haujapigwa misumari."

Nyundo ikaanza tena kabla hajanirudishia simu.

Jioni tuliketi jikoni sote, hata baba, ambaye kwa kawaida haingii huko, kwenye kigoda kilicho chini kiasi cha magoti kumfika kidevuni. Mwavuli mwekundu ulikuwa umetundikwa bandani. Mama alisema mke mwenza naye asinyeshewe. Tulikuwa tumeweka redio katikati yetu tusikie kama maneno ya mama yatatoka. Mtangazaji akaanza kusema kwamba wazee wa Kakamega wamepokea msamaha, na kwamba ghadhabu imetulia. Mvua ikaja hapo hapo. Ilipiga mabati kwa nguvu, juu ya vichwa vyetu, hadi redio ikawa inafungua mdomo tu. Baba alinyoosha mkono kuongeza sauti, na mama akamwambia aiache.